Stima Haiji kwa Fundi Peke Yake: Ujuzi wa Kusimamia Miradi ya Kawi ya Umma

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga. Nami nasema mhandisi mmoja haleti stima kijijini. Mwaka huu nimepewa nafasi ya kuandika makala ya mafunzo, na nimechagua somo ambalo huenda likawashangaza wengi: ujuzi anaohitaji mtu ili asimamie miradi ya kawi ya umma.

Najua kuna atakayeguna, “Ah, hayo si mambo ya watu wa Fizikia? Kiswahili kinaingia wapi hapo?” Subiri kidogo, ndugu. Hoja yangu ni hii: mara nyingi mradi wa stima haukwami kwenye mtambo. Hukwama pale kazi ya mtu mmoja inapokutana na kazi ya mwingine. Hukwama kati ya mtambo na waya, kati ya waya na shamba, kati ya shamba na karatasi, na kati ya karatasi na pesa. Msimamizi hodari ni yule ajuaye kuviunga viungo hivyo. Na kazi hiyo ya kuunga inahitaji karibu masomo yote tunayofundishwa hapa shuleni, hata hili letu.

Maana ya maneno

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane juu ya maneno. Miundombinu ya kawi ni vitu vyote vinavyoifikisha stima kwenye swichi yako: mabwawa, visima vya mvuke, mitambo ya kuzalisha umeme, nguzo, nyaya na transfoma. Megawati ni kipimo cha nguvu za umeme. Megawati moja ni kilowati 1,000, yaani inaweza kuendesha pasi 1,000 za kilowati moja moja kwa wakati mmoja. Mradi wa umma ni ule unaojengwa kwa pesa za mlipa kodi, au kwa mkopo ambao mlipa kodi ndiye atakayeulipa.

Hapa Kenya kazi hii imegawanywa. KenGen huzalisha umeme. GDC, iliyoanzishwa mwaka 2008, huchimba visima vya mvuke. KETRACO, ambayo pia ilianzishwa mwaka 2008, hujenga nyaya kubwa za kusafirisha umeme kutoka mbali. Kenya Power husambaza na kuuza. REREC hupeleka stima mashambani. Kila mmoja ana kipande chake, na hapo ndipo penye kazi kubwa, maana vipande visiposhikana hakuna taa itakayowaka.

Tofauti ya mradi wa umma na wa mtu binafsi ni ipi? Mwenye duka akitaka jenereta huenda mjini, hupatana bei, hulipa, akarudi nayo kwa pikapu. Basi, yamekwisha. Msimamizi wa mradi wa umma hawezi kufanya hivyo. Ni lazima atangaze zabuni, aeleze Bunge, apate kibali cha mazingira, azungumze na wenyeji, na mwishowe afungue vitabu vyake mbele ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Pesa si zake. Hata kama ana haraka, njia ni hiyo hiyo.

Sasa tuuangalie ujuzi wenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Ujuzi wa kwanza: kuuona mradi mzima

Chukueni mfano wa mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit. Kuna mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Hebu zidisha: unapata kama megawati 310. Mitambo yenyewe ni ya kampuni binafsi, lakini laini ya kuitoa stima hiyo hadi Suswa, safari ya zaidi ya kilomita 400, ilikuwa kazi ya umma chini ya KETRACO.

Mtambo wa mwisho ulisimamishwa mwezi Machi mwaka 2017. Na laini je? Haikuwa tayari! Kupata njia ya kupitisha nyaya katika mashamba ya watu kulikuwa kumechukua muda mrefu. Halafu Isolux Corsán, kampuni ya Uhispania iliyopewa kandarasi, ikaishiwa na pesa, na kandarasi ikavunjwa mwaka huo huo wa 2017. Kampuni za Uchina zikaletwa kumalizia, na umeme ukaanza kupita Septemba 2018. Hesabu miezi hiyo: ni kama mwaka mmoja na nusu, mitambo imesimama tayari na upepo wa Marsabit unavuma bure.

Jambo halikuishia hapo. Mkataba wa kununua umeme huo ulisema kwamba ikiwa mitambo iko tayari lakini hakuna laini, muuzaji bado atalipwa. Kwa hiyo serikali ilibidi ikubali kulipa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo hakuna aliyeitumia. Mradi ulifunguliwa rasmi Julai 2019, na leo umeme wake unatusaidia sana. Lakini funzo limebaki: mtambo bila waya ni kama gari bila barabara. Asimamiaye kipande kimoja na kufumbia macho vipande vingine hajasimamia kitu.

Mabwawa ya Mto Tana yanatufundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Kuna vituo vitano vilivyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yaliyozungusha mitambo ya Masinga huteremka yakazungusha ya Kamburu, kisha ya Gitaru, vivyo hivyo hadi Kiambere. Cha kwanza kujengwa kilikuwa Kindaruma, mwaka 1968. Masinga, ambao ndio mtungi mkubwa wa maji kule juu, ulikamilika mwaka 1981 ili maji ya masika yahifadhiwe yatumike wakati wa kiangazi. Kwa hiyo msimamizi wa Masinga hafungulii maji kituo chake tu. Anawafungulia wote walio chini yake. Akikosea yeye, wanne wengine wanaumia.

Ujuzi wa pili: kupanga wakati

Ukitaka kuelewa upangaji wa mradi, ingia jikoni. Mpishi wa githeri huanza na nini? Hawezi kuanza kwa kukaanga kitunguu. Huanza na mahindi na maharagwe, kwa sababu hayo ndiyo yachukuayo saa nyingi motoni. Kitunguu ni cha dakika tano. Ukianza na kitunguu kitaungua au kitapoa huku maharagwe bado ni mawe.

Mradi wa stima nao una maharagwe yake. Katika laini ya umeme, kusimamisha nguzo si kazi ndefu sana vyuma vikiwapo. Kazi ndefu ni kupata njia: kupima ardhi, kuwatafuta wenye mashamba, kuthamini mali zao na kuwalipa fidia. Katika kituo cha mvuke, kazi ndefu ni kuchimba visima. Katika bwawa ni kuwahamisha watu na kujenga ukuta. Msimamizi mwenye ujuzi hujiuliza mapema, “Hapa maharagwe ni yapi?” Akishayajua, huyaweka motoni kwanza, na kila wiki huinua kifuniko kuangalia. Hilo ni jambo dogo kulisema, lakini wangapi wetu hata marudio ya mtihani huanza na somo rahisi?

Ujuzi wa tatu: hesabu za pesa na za mkopo

Wengi tunadhani hesabu za mradi ni kujumlisha bei ya saruji na nyaya. Ah, hapana. Adui mkubwa wa mradi wa umma ni siku zinazopita huku mkopo ukizaa.

Tufanye mfano wa darasani. Tuseme mradi umekopa shilingi bilioni 10 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Riba ya mwaka mmoja ni shilingi milioni 500. Gawanya kwa siku 365. Utapata kama shilingi 1,370,000 kwa siku. Maana yake nini? Faili ikilala juu ya meza ya mtu kwa wiki moja ikisubiri sahihi, umma umepoteza zaidi ya shilingi milioni tisa na nusu. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyevunja sheria. Faili imelala tu.

Kuna tena suala la sarafu. Mikopo mingi ya miradi mikubwa huwa ya dola, euro au yeni, lakini mteja hulipa bili ya stima kwa shilingi. Shilingi ikidhoofika, deni linaongezeka ingawa hakuna aliyekopa tena. Mtu asiyejua mambo haya hafai kukalishwa mezani na wakopeshaji, hata akiwa fundi wa namna gani.

Ujuzi wa nne: zabuni, mikataba na uadilifu

Kifungu cha 227 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinataka ununuzi wa umma ufanywe kwa haki, kwa usawa, kwa uwazi, kwa ushindani na kwa gharama nafuu. Maneno matano, lakini kuyatimiza si mchezo. Msimamizi hana budi kujua kuandika zabuni isiyo na mianya, kuchunguza kama kampuni inayoomba ina pesa na uzoefu, na kusoma mkataba mstari kwa mstari.

Kumbukeni ile laini ya Loiyangalani. Maswali ya mkataba pale yalikuwa mawili. Mkandarasi akifilisika tutafanyaje? Na laini ikichelewa nani atalipa? Maswali ya namna hii huulizwa kabla ya sahihi, si baada yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu wa mkataba mbaya ni bili ya stima iliyopanda.

Uadilifu nao ni ujuzi, si tabia njema tu. Nasema ni ujuzi kwa sababu una mbinu zake. Mtu mwadilifu huweka maandishi ya kila mkutano. Hapokei zawadi ya mzabuni hata ikiwa soda. Jamaa yake akiwa miongoni mwa waombaji, hutangaza jambo hilo na kuondoka kwenye kamati. Asiyeyafanya haya huweza kuwa na moyo safi na bado akaangushwa na ushahidi wa uongo, maana hana karatasi ya kujitetea.

Ujuzi wa tano: kuwasikiliza watu na kusema nao lugha wanayoielewa

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili nimelionja kwetu nyumbani.

Miaka michache iliyopita nyaya kubwa zilipitishwa juu ya shamba la nyanya yangu. Walikuja maafisa wawili na karatasi, zote za Kiingereza. Wakamwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba, naye akaweka, maana aliambiwa ni ya “maendeleo”. Hakuna aliyemweleza kwamba chini ya nyaya hizo haruhusiwi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu. Mwaka huo huo alikuwa amepanda miche ya mikaratusi, akinuia kuiuza baadaye ilipe karo yangu. Ilipofika kimo cha mtu, ikakatwa yote kwa asubuhi moja. Alilipwa fidia, ndiyo, lakini ya ardhi tu.

Niliporudi likizoni nilimkuta amekaa juu ya kisiki. Nikadhani atailaani stima. Hakuilaani hata kidogo. Aliniambia, “Mjukuu wangu, mimi stima naitaka. Hata ningewaonyesha njia iliyo bora. Wangeniambia mapema ningepanda miti yangu ng'ambo ile ya mto. Lakini walinena na karatasi, hawakunena na mimi.”

Walinena na karatasi! Tangu siku hiyo nimeamini kwamba Kiswahili na lugha zetu za nyumbani ni vyombo vya kazi katika mradi wa kawi, sawa na koleo na kipimavolti. Afisa anayeweza kueleza kwa Kiswahili chepesi mita ngapi zitachukuliwa, nini kinaruhusiwa, fidia ni ya nini, na mtu akinung'unika aende wapi, huyo ameokoa mradi kesi na ameokoa karo ya mtoto.

Na wala si kwetu tu. Huko Olkaria, mwaka 2014, familia za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha kituo cha Olkaria IV. Zilijengewa makao mapya, shule na zahanati. Hata hivyo, baadhi ya wenyeji walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambazo zilikuwa miongoni mwa wafadhili. Walilalamikia mambo kama hatimiliki za ardhi, barabara, na jinsi walivyoshirikishwa. Ikabidi wapatanishi waitwe, pande zote zikae, na makubaliano yakapatikana mwaka 2016. Angalieni basi: kituo kilikuwa kimekamilika na umeme unatoka, lakini mazungumzo yaliyopaswa kukamilika mwanzoni yalikuwa bado yanaendelea.

Kule Kinangop mambo yalikwenda vibaya zaidi. Mradi wa upepo wa kampuni binafsi, wa kama megawati 60, ulipingwa na wenyeji waliohofia ardhi na afya yao. Mwaka 2015 kukawa na maandamano na mtu akauawa. Mwaka 2016 mradi ukaachwa kabisa. Si lazima kusema nani alikuwa na haki ili kupata funzo. Upepo ulikuwapo, pesa zilikuwapo, mafundi walikuwapo. Kilichokosekana ni watu kuaminiana.

Kusikiliza, kwa hivyo, si kuitisha baraza moja, kugawa soda na kuchukua sahihi za waliohudhuria. Kusikiliza ni kuwa tayari kubadili ramani.

Ujuzi wa sita: subira na kuipima hatari

Ukitaka kuiona subira, itazame Olkaria tena, lakini rudi nyuma kabisa. Visima viwili vya kwanza vilianza kuchimbwa mwaka 1956, na havikufanikiwa. Kazi ikalala. Miaka ya sabini serikali, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ikarudi na utafiti mpya na visima vipya. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Wa pili ukafuata mwaka 1982 na wa tatu mwaka 1985. Jumla ikawa megawati 45. Tangu kisima cha kwanza hadi taa ya kwanza ni miaka 25! Leo mvuke ndio unaoongoza katika kuzalisha umeme wa Kenya.

Kwa nini inachukua muda mrefu hivyo? Kwa sababu kisima cha mvuke huweza kwenda chini hadi kilomita tatu, na kimoja tu hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi, na unaweza kufika huko chini ukakuta joto halitoshi. Hakuna mfanyabiashara wa kawaida atakayekubali bahati nasibu ya namna hiyo. Ndiyo maana serikali hubeba mzigo wa mwanzo. Lakini kubeba hatari si kufumba macho. Msimamizi huchimba kimoja, hupima, hujifunza, kisha huamua kama atachimba cha pili. Anapiga hatua kwa hatua, wala hatumii pesa zote mahali pamoja.

Hatari nyingine ni mbingu. Ukame wa miaka ya 1999 na 2000 uliyakausha mabwawa yetu, na nchi ikagawiwa stima kwa zamu. Viwanda vilisimama, na wazazi wetu hutusimulia jinsi walivyosoma kwa koroboi. Wakati huo sehemu kubwa ya umeme wetu ilitegemea maji. Aliyetegea mayai yote kwenye kikapu kimoja hapaswi kushangaa kikianguka. Kwa hiyo msimamizi wa kawi hana budi kujua pia Jiografia: mvua, mito, joto la ardhi, upepo na jua. Kituo cha jua cha Garissa, cha megawati 50 na ushei, kilichofunguliwa mwaka 2019, ni sehemu ya jitihada hizo za kuongeza vikapu.

Ujuzi wa saba: kutunza kilichojengwa

Sisi tunapenda sana sherehe. Utepe hukatwa, ngoma hupigwa, picha hutokea gazetini. Nani amewahi kuona picha ya mtu anayekaza nati?

Tarehe 7 Juni mwaka 2016 nchi nzima iliingia gizani. Sababu yake? Tumbili! Alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikajizima. Mitambo mingine ikalemewa nayo ikazima, na zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mara moja. Tumbili mwenyewe alinusurika, na watu walicheka sana. Lakini mwenye kutafakari hacheki tu. Anajiuliza: ikiwa mnyama mmoja anaweza kuzima taifa, ua wetu una tundu wapi, na kwa nini hitilafu ya mahali pamoja inaachwa ienee kote?

Tarehe 11 Januari 2022 giza lilirudi. Safari hii nguzo za laini kubwa kutoka Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, na serikali ikasema zilikuwa zimeharibiwa na watu. Chuma kinachong'olewa kwenye nguzo huuzwa kama chuma kikuukuu kwa bei ndogo, na hasara yake hulipwa na nchi nzima. Hapa msimamizi anahitaji walinzi, ndiyo, lakini zaidi anahitaji majirani wanaoiona nguzo kuwa ni yao. Na jirani aliyenenewa na karatasi tu, kama nyanya yangu, atailinda nguzo kwa moyo gani? Mnaona sasa jinsi ujuzi wa tano na wa saba unavyoshikana.

Utunzaji una upande mwingine tena: bajeti. Mradi ukipangwa, pesa za vipuri na za mishahara ya mafundi kwa miaka ijayo zipangwe papo hapo. Transfoma isiyo na bajeti ya ukarabati ni kama ng'ombe wa maziwa aliyenunuliwa na mtu asiye na nyasi.

Je, sisi wanafunzi tuanze wapi?

Si lazima kusubiri chuo kikuu. Hisabati inatufundisha riba. Jiografia inatufundisha mito na mvuke. Historia na somo la serikali vinatufundisha Katiba. Masomo ya biashara yanatufundisha zabuni na vitabu vya hesabu. Fizikia inatufundisha volti, na kwa nini umeme husafirishwa kwa volti za juu ili usipotee njiani. Na Kiswahili kinatufundisha kueleza jambo gumu mpaka mtu mzima asiyesoma aseme, “Sasa nimeelewa, na nina swali.” Swali hilo ndilo mwanzo wa kuaminiana.

Pia tuna miradi midogo hapa shuleni. Mwenye kusimamia safari ya chama, tamasha la michezo ya kuigiza au hata jarida hili anapanga maharagwe na vitunguu, analinda pesa za wengine, na anaunga kazi za watu wasiopenda kuungwa. Anayeshindwa kutoa hesabu ya nauli ya basi leo asitarajie kukabidhiwa bilioni kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Msiniambie basi kwamba mambo ya stima ni ya watu wa Fizikia peke yao. Tunawahitaji, tena sana. Lakini tunamhitaji pia mwanasheria asomaye mkataba hadi mstari wa mwisho, mhasibu asiyelaza faili, mtaalamu wa ardhi asiyeogopa tope, na afisa anayeketi chini ya mti na bibi kizee akamweleza jambo kwa lugha yake. Huenda mmoja wao ni wewe unayesoma ukurasa huu.

Maswali ya kujadili chamani

1. Taja viungo vitatu ambapo mradi wa stima huweza kukwama, na utoe mfano wa hapa Kenya kwa kila kimoja.

2. Mradi umekopa shilingi bilioni 4 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ukichelewa siku 30, ni shilingi ngapi za riba zitakazopotea?

3. Andika, kwa maneno yasiyozidi 120 na kwa Kiswahili chepesi, tangazo la kuwaeleza wenye mashamba kuhusu laini ya umeme itakayopita kwao. Msomee mtu mzima nyumbani, kisha uandike maswali atakayokuuliza.

4. “Mradi wa umma huchelewa kwa sababu sheria ni nyingi.” Jadili pande zote mbili.

5. Chunguza swichi, taa na nyaya za bweni lenu. Ni utunzaji gani unaohitajika, nani anahusika, na ungegharimu kiasi gani?

Majibu ya swali la pili mniletee mimi mwenyewe, na la tatu tutayasoma kwenye mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Naiweka kalamu chini.